Njano Juu ya Njano

Chupa, mia tatu na hamsini.
Kizibo, arobaini.
Lebo, mia mbili na kumi,
na hapo boksi halijapanda basi kutoka Dar.
Nilikaa Kibaigwa nyuma ya kinu changu,
kalamu sikioni, mashudu yakinukia,
nikajiuliza: ninauza mafuta
au karatasi iliyolowa mafuta?

Maana ile lebo ilikuwa bibi harusi.
Rangi nne, ukingo wa dhahabu,
alizeti pana kama sinia la pilau,
na mama fulani anacheka na kikaango.
Kongwa nzima sijawahi kukutana naye.
Mchapaji alisema: chini ya elfu tano hatuwashi mashine.
Nikachukua elfu tano.
Mwezi wa sita simu yangu ikaibiwa mnadani;
laini haikuwa kwa jina langu, namba ikaenda nayo.
Lebo elfu tatu zikafia ndani ya boksi.
Mwanangu Nyemo akazibandika banda la kuku,
ukuta mzima, kwa ndani,
na kuku wangu wakahamia shamba la alizeti
lisilo na mbegu hata moja.

Kisha kinu kikagoma.
Fundi Ndahani akaja na basi la asubuhi kutoka Kizota,
akapiga magoti, akafuta vumbi kwa kiganja,
akasoma kibao alichokigonga mwenyewe:
kipande cha sufuria kuukuu,
herufi moja moja kwa nyundo,
N ya pili imeinama kama mtu anayesikiliza.
Jina. Namba. Mwaka. Kizota.
Basi.

"Zamani niliagiza vya kung'aa," alisema,
"kimoja elfu kumi na nane.
Namba ikikosewa, unalipa upya.
Sasa nakata vyote saizi moja, kinu kikubwa, kinu kidogo,
matundu mawili, ribiti mbili,
na kinachobadilika nakigonga siku ya kukabidhi.
Kibao si pambo, Sechelela.
Ni mahali pa kunishikia
siku mashine ikikutesa."

Usiku nikaanza kumvua bibi harusi.
Nikatoa dhahabu.
Mama wa kikaango nikamshukuru, nikamwambia aende kwao.
Nikafuta *bora*, nikafuta *halisi*, nikafuta *asilia*:
yote matatu yalikuwa yakisema ninaogopa.
Nilipofika kwenye ua, mkono ukasita.
Nikaliacha mpaka asubuhi.
Asubuhi nikainua chupa mlangoni, jua likapita ndani yake,
njano ikanimwagikia gauni lote.

Jamani.
Miaka miwili nanunua njano
niibandike juu ya njano.

Sasa lebo yangu ni utepe wa vidole vitatu,
wino mweusi, imechapwa Dodoma mjini
kwenye shiti moja na asali ya Chilongani wa Mpwapwa
na karanga za akina mama wa Hogoro.
Tunagawana shiti kama watu wanavyogawana ng'ombe.
Ujazo, mahali, jina: sheria sikuipunguzia hata nukta.
Tarehe nimeiachia kisanduku kitupu,
naigonga kwa mhuri siku ya kukamua.
Simu ikiibiwa tena, nitagonga namba nyingine.
Shilingi sitini na tano.

Duka la kona halikupenda.
"Imekonda," walisema, "kama ya dawa ya mifugo."
Wakarudisha katoni mbili.
Nikazibeba mpaka barabarani, yanapoegeshwa malori,
na dereva mmoja, kabla hajasoma chochote,
akainua chupa juani, akafumba jicho moja.
Akanunua tatu.

Ile mia na arobaini na tano sikuila yote.
Kizibo sasa ni cha themanini, kina pete, hakivuji.
Kuku wangu bado wanadonoa ukuta.